Mitambo iliongezeka, bidhaa zikapungua: kisa cha viwanda vya Tanzania, 1975 hadi 1986

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka. Kwa sensa ya 1978 nchi nzima ilikuwa na watu milioni 17.5. Mpango ulikuwa kulivisha soko la ndani kwa robo ya viatu hivyo, na robo tatu ziuzwe Ulaya. Kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, maana yake hata mwaka wake mzuri kuliko yote haukufikisha jozi laki mbili. Kuta zilikuwa za alumini na jengo halikuwekewa mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao wenyeji wanajua joto lake. Mwaka 1990 uzalishaji ulikoma kabisa.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na wanaokisimulia huishia kwenye zile kuta. Kwangu kuta ni jambo dogo. Kiwanda chenye kuta nzuri, miaka ile, nacho kingelala. Cha karatasi cha Mufindi kililala, cha mbolea cha Tanga kililala, na viwanda vya nguo ambavyo vilikuwa vimefanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa vikaanza kusinzia. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ilikuwaje nchi iliyokuwa ikiwekeza zaidi ya asilimia 20 ya pato lake, na kufungua viwanda vipya karibu kila mwaka, ikawa inatoa bidhaa chache zaidi mwaka 1985 kuliko mwaka 1978?

Hapo lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo hotuba huvichanganya. Uwezo wa kiwanda ni kile ambacho mitambo ingetoa kama malighafi, umeme, vipuri na mafundi vingekuwepo mwaka mzima. Uzalishaji ni kile kilichotoka getini. Kwa muongo mmoja cha kwanza kilipanda na cha pili kikashuka.

Miaka kumi iliyokwenda vizuri

Tanganyika ilirithi viwanda vichache. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilikuwa limevuta viwanda kwenda Nairobi, na vingine Jinja kulikokuwa na umeme wa Owen Falls. Wakati wa uhuru mchango wa viwanda kwenye pato la taifa ulikuwa takriban asilimia 4. Makubaliano ya Kampala ya 1964 yalijaribu kugawana viwanda kati ya nchi tatu, lakini hayakufika mbali.

Pamoja na hayo, miaka kumi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko inavyosimuliwa siku hizi. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliundwa 1965. Saruji ya Wazo Hill ilianza kutoka 1966. Mwaka 1968 vilifunguliwa viwanda vya nguo vya Urafiki pale Ubungo, kwa msaada wa China, na Mwatex kule Mwanza, kwa mitambo ya Kifaransa iliyohitaji watu wachache zaidi. Matairi yakaanza kutengenezwa Arusha 1971, mbolea Tanga 1972. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliiweka serikali kwenye hisa za makampuni makubwa ya bia, sigara, viatu na saruji, na bado uzalishaji uliendelea kupanda. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 viwanda vilikuwa vikichangia zaidi ya asilimia 10 ya pato la taifa.

Sehemu ya ukuaji huo ilikuwa rahisi. Ukianza na asilimia 4, kila kiwanda kipya kinaonekana. Soko la khanga, bia na sabuni lilikuwepo tayari. Kazi ilikuwa kutengeneza hapa kile kilichokuwa kikiagizwa. Tena dola za kuagizia rangi za nguo, kemikali na mafuta zilikuwepo, kwa sababu wakulima wa kahawa, pamba, mkonge na korosho walikuwa wakizileta. Jambo hili la mwisho halikuandikwa kwenye jiwe la msingi la kiwanda chochote, lakini ndilo lililoviendesha vyote.

Mkakati wa viwanda vya msingi

Mwaka 1975 serikali ilichora mkakati wa miaka ishirini. Wazo lake lilikuwa na hoja: tuzalishe kwa rasilimali zetu vitu tunavyovitumia sisi wenyewe, yaani chuma, kemikali, saruji, karatasi, nguo, viatu na zana za kilimo. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa yamejadiliwa sana Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Clive Thomas, mchumi kutoka Guyana, alifundisha. Mtu akiusoma mkakati huo leo haoni upuuzi ndani yake. Anaona nchi iliyochoka kuuza pamba na kununua shati. (Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma vimebaki kwenye lugha ya mipango tangu enzi hizo hadi za wajukuu.)

Tatizo lilikuwa hesabu ya dola. Kiwanda kinachotumia rasilimali ya ndani kinahitaji bado mashine za nje, vipuri vya nje, mara nyingi mafuta ya nje na wataalamu wa nje. Kiwanda cha mbolea cha Tanga hakikuwa hata na hiyo rasilimali ya ndani: kwa miaka kumi hivi kiliagiza miamba ya fosfeti, salfa na amonia kwa meli, na kazi yake ikawa kuchanganya vilivyoagizwa. Mgodi wa fosfeti wa Minjingu ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukilisha, kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshachoka. Kilifungwa 1991.

Wafadhili nao walichangia. Kila nchi ilipenda kutoa kiwanda kizima, chenye mitambo kutoka kwao na wahandisi kutoka kwao. Dola za kuendesha kiwanda kilichokwishajengwa zilikuwa ngumu kupatikana. Hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzindua kontena la vipuri.

Chukua mfano wa kubuni. Nchi ina viwanda kumi, kila kimoja kinahitaji dola milioni 1 kwa mwaka kufanya kazi kikamilifu, na Benki Kuu ina dola milioni 6. Vikigawiwa sawa, kila kimoja kinafanya kazi kwa asilimia 60. Ongeza viwanda vitano bila kuongeza dola, na wote mnashuka hadi asilimia 40. Hesabu hiyo peke yake ingefanya jumla ya bidhaa ibaki palepale. Kilichoishusha jumla ni mambo mawili ya ziada. Kujenga vile vitano kulikula dola ambazo zingenunua rangi na vipuri vya vile kumi. Na mfuko wenyewe wa dola ulikuwa ukitoboka.

Korosho: pale mambo yote yanapoonekana kwa pamoja

Nisingeweza kupata mfano ulio wazi kuliko kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Karibu zote ziliuzwa India zikiwa ghafi, zikabanguliwa huko na kupelekwa Ulaya na Marekani. Hoja ya kubangua nyumbani haikuhitaji mtaalamu. Vikajengwa viwanda Mtwara, Lindi, Newala, Masasi, Nachingwea, Tunduru, Kibaha na kwingineko, kwa mikopo na mitambo kutoka nje, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikawa 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani laki moja kwa mwaka.

Wakati zege linamwagwa, korosho zilikuwa zinakimbia. Operesheni vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha wakulima, wengine mbali na mikorosho yao, na mkorosho usiopaliliwa huzungukwa na pori, moto wa pori ukipita umekwisha. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, na mnunuzi akabaki mmoja, mamlaka ya serikali, aliyelipa bei ndogo na mara nyingi kwa kuchelewa. Shilingi ilikuwa imekazwa kwa bei rasmi ya juu, kwa hiyo hata bei nzuri ya dunia ilifika Newala ikiwa imenyauka. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, unaoshambulia maua, na mkulima asiye na sababu ya kununua salfa aliuacha upite. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000.

Weka namba hizo mbili mezani. Uwezo zaidi ya tani laki moja, malighafi chini ya elfu ishirini. Hata kama kila korosho iliyookotwa nchini ingeingia kiwandani, ni mtambo mmoja tu kati ya mitano ambao ungekuwa na kazi. Viwanda vingi havikumaliza miaka mingi. Baadhi vikaishia kuwa maghala. Na mikopo ilibaki ya kulipwa kwa dola, dola ambazo zilipaswa kutoka kwenye korosho.

Ninaposema kwamba anguko la viwanda lilianzia shambani ndicho ninachomaanisha. Mkonge, uliokuwa umezidi tani 200,000 mwaka 1964, ulikuwa umeshuka hadi tani elfu thelathini na kitu. Mkulima aliyepewa bei ndogo ili viwanda vipate nafuu ndiye aliyeacha kuzalisha dola za kuviendesha.

Mwaka 1978 na kilichofuata

Katikati ya yote kulikuwa na bahati iliyopotosha hesabu. Baridi kali iliua mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa ikaruka, na 1976 na 1977 akiba ya fedha za kigeni ikajaa. Serikali ikalegeza uagizaji mwaka 1978, na akiba ikayeyuka kabla mwaka haujaisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, ikabidi kujenga upya reli, shirika la ndege, posta na bandari za peke yetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita iligharimu takriban dola milioni 500. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda mara ya pili, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta peke yake yalikuwa yakila takriban nusu ya mapato ya mauzo ya nje.

Kinachoshangaza ni kwamba ujenzi haukusimama. Saruji ya Tanga ilianza 1980, ya Mbeya 1983, nguo Musoma mwanzoni mwa muongo huo, na karatasi Mgololo, Mufindi, mwaka 1985, kwa uwezo wa tani 60,000. Mikataba ilikuwa imesainiwa, wafadhili walikuwa wamejifunga, na kusimamisha mradi nusu kungeonekana kushindwa.

Kwa viwanda vilivyokuwepo, maisha yakawa ya foleni Benki Kuu. Meneja aliomba dola za kemikali, akapewa robo, baada ya miezi. Hakuna kiwanda kilichoambiwa kifunge ili kingine kifanye kazi sawasawa, kwani kufunga kulimaanisha kuachisha watu kazi, na mashirika ya umma hayakufanya hivyo. Basi kila kimoja kilipata kijiko chake. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vilifanya kazi chini ya theluthi ya uwezo. Mfanyakazi aliingia zamu, akafagia, akasubiri umeme au nyuzi, akatoka.

Tume ya Bei ya 1973 iliukaza mshipi. Bei ya bidhaa ilipangwa kwa kuchukua gharama za kiwanda na kuongeza faida kidogo. Meneja aliyepunguza gharama alipunguziwa bei, aliyezembea alifidiwa. Na kwa kuwa bei rasmi ilikuwa ndogo kuliko ile watu waliyokuwa tayari kulipa, tofauti ilikwenda kwa aliyeipata bidhaa mlango wa nyuma. Wazee wanakumbuka bei ya kuruka, foleni za sabuni na sukari, na nguo za mitumba ambazo wakati huo ziliitwa kafa Ulaya. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, ulifichua maghala yaliyojaa, lakini walanguzi walikuwa wakila tofauti ya bei ambayo tume ilikuwa inaitengeneza upya kila asubuhi.

Nani alaumiwe?

Maelezo ni matatu, na kila moja lina mashabiki wake. La kwanza ni vita, mafuta na ukame. La pili ni ubovu wa mashirika ya umma. La tatu ni mkakati wenyewe.

La kwanza linaeleza tarehe. Bila 1978 na 1979 mambo yangeharibika polepole zaidi. Haliwezi kueleza kina cha shimo, kwa kuwa Kenya nayo ililipa mafuta kwa bei ileile na viwanda vyake havikushuka hivyo. Haielezi pia kwa nini kasi ya viwanda ilikuwa imeanza kupungua kabla ya risasi ya kwanza kupigwa Kagera.

La pili lina ukweli, ila linapendwa kupita kiasi. Wizi na uzembe vilikuwepo. Lakini meneja hodari aliyekosa mafuta ya boila alizalisha sawa na meneja mzembe aliyekosa mafuta ya boila. Wengi wa wanaolaumu uongozi peke yake hawajawahi kuuliza boila ile ilikuwa inachoma nini.

Ninaegemea la tatu, na nalisema kwa namna mahususi. Kosa halikuwa kutaka viwanda vya msingi. Kosa lilikuwa kupima maendeleo kwa mitambo iliyosimikwa, na kuichukulia dola ya mkulima kama kitu ambacho kingekuwepo siku zote. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alitaka makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa na shilingi ishushwe thamani. Alijiuzulu mwishoni mwa 1979. Mwalimu Nyerere aliuliza tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya kimataifa, na swali lake lilikuwa halali. Lakini miaka sita ya kukataa haikuleta rangi za nguo Ubungo.

Kufunguka, na kifo cha pili

Mwaka 1984 watu wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, makubaliano na Shirika la Fedha yalisainiwa na dola ikapanda kutoka shilingi 17 hadi 40. Fedha za vipuri zikaingia, na uzalishaji ukaanza kupanda tena kwa mitambo ileile iliyokuwa imelala.

Ahueni haikuwa ya wote. Mlango ulioleta vipuri ndio ulioleta vitenge vya Asia na marobota ya mitumba. Viwanda vya nguo, vyenye madeni na mashine za miaka ishirini, vilikutana na ushindani vikiwa hoi, na katikati ya miaka ya 1990 vingi vilikuwa vimefungwa au kuuzwa. Urafiki uliingia ubia na Wachina 1997. Mgololo uliuzwa 2004.

Saruji ilikwenda njia nyingine, na inafaa kuitazama, kwani ilipita kwenye shida zilezile za vipuri na mafuta. Mawe ya chokaa yako Wazo Hill penyewe. Mfuko wa saruji ni mzito kuliko thamani yake, kwa hiyo umbali unamlinda mzalishaji wa ndani hata ushuru ukipungua. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikafika, na kiwanda kikaacha kutegemea mafuta ya kuagiza kwa tanuri lake. Kiwanda cha Dangote kilianza Mtwara 2015 kwa uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Nchi iliyokuwa ikitoa chini ya tani milioni moja za saruji miaka ya 1990 ilivuka milioni 2 kufikia 2010 na imeshapita milioni 5. Ukisoma kwamba viwanda vinachangia leo chini ya asilimia 10 ya pato la taifa usidhani tumerudi nyuma ya 1975: sehemu inaweza kupungua huku tani zikiongezeka, maana uchumi mwingine umekua haraka zaidi, na hesabu za taifa zimebadilishwa msingi mara kadhaa.

Tabia ya kuhesabu viwanda badala ya bidhaa haijatoka. Mwishoni mwa 2017 kila mkoa uliagizwa uwe na viwanda 100, na nchi ikaingia kwenye mjadala wa kama vyerehani vinne ni kiwanda. Mjadala huo ulichekesha, lakini swali la maana halikuulizwa sana: mwaka uliofuata, hivyo viwanda vilifanya kazi siku ngapi?

Korosho zenyewe zimerudi. Msimu wa 2017/18 zilifika tani 313,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha 1973/74, na sehemu kubwa bado inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Malighafi ipo, na dola za mashine si kikwazo kama zamani. Kinachomkwamisha mbanguaji wa Mtwara sasa ni kwamba korosho huuzwa mnadani katika miezi michache kuanzia Oktoba, na yeye anahitaji za mwaka mzima. Lazima anunue zote kwa mkupuo, akishindana na mnunuzi mwenye mkopo wa bei nafuu kutoka kwao, kisha azitunze ghalani akilipa riba ya benki ya hapa hadi apate pesa ya kontena la mwisho. Mitambo ya kubangulia inaweza kupatikana kwa mkopo wa miaka mingi. Mkopo wa kununulia korosho za miezi kumi na miwili, kwa riba inayobebeka, ndio mgumu.